Safari ya vani na baiskeli za mlimani mkiwa wawili, msimu wa majani kupukutika

Kila Septemba ikikaribia maswali yanakuja yaleyale. Baiskeli zikae ndani ya vani au nje? Usiku tutaganda? Tope tunafanyaje nalo? Na lile swali ambalo watu wanaliuliza kwa kuzungukazunguka: mwenzangu hajazoea haya mambo, tutarudi tukiwa bado tunaongea? Nimejibu vipandevipande mpaka vidole vimechoka, kwahiyo leo naweka yote mahali pamoja. Soma ukiwa na mtu utakayesafiri naye, maana nusu ya kazi ni yenu wawili wala sio ya gari.

Kwanza tuelewane. Nikisema vuli hapa sisemi mvua za vuli, nasema yale majira ya nchi za baridi ambapo majani yanageuka rangi na kudondoka. Kaskazini mwa dunia ni Septemba mpaka Novemba, kusini ni Machi mpaka Mei. Kwa baiskeli ya mlimani huu ndo msimu mtamu kuliko yote kwa maoni yangu, joto limeisha, vumbi limetulia, njia hazina msongamano na udongo una ubichi kidogo unaoshika tairi vizuri. Shida zake ni mbili tu, giza linawahi na unyevu hauondoki. Baridi wala sio shida, baridi unaivalia nguo. Unyevu ukishaingia kwenye godoro ndo basi, na wengi wanaokatisha safari siku ya tatu hawajakimbia baridi, wamekimbia soksi ambazo zimekataa kukauka. Kwahiyo utaona karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuvizuia vitu vibichi visikutane na vikavu.

VYA KUWA NAVYO KABLA HAMJAANZA

- Vani ambayo wawili mnaweza kulala mkanyoosha miguu. Makabati ya mbao na taa za mapambo sio lazima kabisa, godoro zuri na mahali pa kuning'iniza nguo vinatosha. Ila angalia uzito. Ulaya leseni ya kawaida ya daraja B kwa kawaida inaishia gari la kilo 3,500 mzigo ukiwemo, na vani iliyojengwa ndani ukiijaza maji, mafuta, baiskeli mbili na nyie wenyewe inafika huko kabla hujashtuka. Ipeleke kwenye mizani ikiwa imepakiwa.
- Kengele ya kaboni monoksidi na kizimamoto kidogo. Hii gesi haina harufu wala rangi, huwezi kuistukia. Kengele ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya jiko.
- Beseni kubwa lenye kingo au kreti la plastiki, turubai dogo, mifuko miwili mikubwa isiyopitisha maji na mataulo ya zamani mengi kuliko unavyodhani yatatosha.
- Za baiskeli: pampu, alenki (funguo za pembe sita), kikatio cha cheni na viungo viwili vya haraka vya kuunganishia cheni ikikatika, vinavyolingana na cheni yenu, tyubu mbili, vya kuzibia pancha, mafuta ya cheni ya msimu wa mvua, na pedi za breki seti kamili kwa kila baiskeli. Pia hanga, kile kichuma kidogo kinachoshikilia derela ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni toka gia moja kwenda nyingine) kwenye fremu. Kila fremu ina hanga yake, ya baiskeli yako haitaingia kwenye ya mwenzio, na huko porini hutaipata, kwahiyo agizeni mapema kila mtu ya kwake.
- Taa za baiskeli hata kama hampangi kuendesha usiku. Narudia, hata kama hampangi.
- Nguo za kuendeshea seti mbili kila mtu, na seti moja ya kulalia ambayo HAITOKI nje ya vani kwa sababu yoyote ile.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu zote mbili, filimbi, kitambaa cha dharura cha kuhifadhi joto, betri ya akiba.

HATUA KWA HATUA

1. Pangeni siku kwa saa za mwanga

Kosa la kwanza la wageni ni kupanga kwa kilomita. Kwenye latitudo ya 50 hivi, kuanzia mwisho wa Septemba mnapoteza dakika 3 mpaka 4 za mwanga kila siku inayopita, wiki mbili tu mwanga umepungua karibu saa nzima. Alafu Umoja wa Ulaya na Uingereza wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sehemu kubwa ya Marekani na Kanada Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwahiyo jioni ya siku hiyo giza linakuja saa moja kabla ya ulivyozoea na mtu yuko juu mlimani anashangaa.

Angalia saa ya jua kuzama, toa saa mbili, hiyo ndo saa ya kuwa mmesharudi kwenye vani. Hizo saa mbili sio za woga, moja ni ya pancha na kupotea njia, nyingine ni ya kushughulikia tope mkiwa bado mnaona. Msituni giza linaingia mapema kuliko uwanjani, usidanganywe na anga.

2. Ulizia sheria mbili tofauti: ya njia na ya kulala

Watu wanachanganya. Mahali baiskeli inaporuhusiwa sio lazima vani iruhusiwe kulala hapo, na kinyume chake. Mfano mzuri ni Scotland: kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003 unaruhusiwa kupita na baiskeli karibu kila mahali ilimradi uwe mstaarabu, lakini haki hiyo haihusu vyombo vya injini, kwahiyo usiegeshe vani shambani kwa mtu ukaanza kunukuu sheria. Ukishuka England baiskeli inapita kwenye njia za farasi, kwenye vijia vya waenda kwa miguu haki hiyo huna. Ujerumani jimbo la Baden-Württemberg njia ya msituni yenye upana chini ya mita 2 kwa kawaida hairuhusiwi baiskeli. Austria msituni mnapita pale tu palipofunguliwa rasmi kwa baiskeli. Marekani yale maeneo yaliyotangazwa kisheria kuwa nyika tupu hayaruhusu baiskeli hata ukiisukuma kwa mkono.

Na vuli ni msimu wa uwindaji sehemu nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Soma vibao mwanzoni mwa njia, vaeni rangi kali ya chungwa, na ukiona magari ya wawindaji yamejipanga asubuhi tafuteni njia nyingine siku hiyo. Rangi ya kahawia ukiwa katikati ya majani ya kahawia sio wazo zuri.

3. Kaeni kikao kabla ya kuondoka

Hiki kipengele watu wanakiruka alafu wanakuja kuuliza mambo ya pampu. Mkiwa ndani ya kiboksi cha mita mbili kwa nne na nje kunanyesha tangu mchana, kila kitu ambacho hamkukiongea kinaongeleka, tena kwa sauti. Jibuni haya mkiwa bado nyumbani, mmekaa, mmeshiba:

Nani mdhaifu zaidi kwenye baiskeli? Huyo ndo anachagua njia siku ya kwanza na ya pili. Sio kwa huruma, ni hesabu tu, mtu aliyezidiwa anaanguka, akianguka safari imeisha kwa wote. Mwenye kasi anaweza kurudi juu kuteremka mara ya pili wakati mwenzie anapumzika.

Nani anatangulia? Kwenye mteremko mwenye uzoefu atangulie na asimame kila njia panda, kila njia panda, mpaka amwone mwenzie kwa macho. Kwenye mpando anayepanda polepole atangulie. Ukimwacha mtu nyuma kwenye mpando wa nusu saa, ukamsubiri juu umeshapumzika, na akifika tu wewe unapanda baiskeli na kuondoka, umemnyima mapumziko yake. Nimelifanya hili mwaka wa kwanza, nikanuniwa siku mbili, na nilistahili.

Neno la kusimamisha. Chagueni neno moja ambalo mmoja akilitamka siku ya kuendesha imekwisha, hakuna kuulizana kwanini, maelezo yanatolewa kwenye vani na chai mkononi.

4. Andaeni baiskeli kwa ajili ya maji na majani

Tairi la mbele ndo roho yako. Kama bajeti inatosha tairi moja tu jipya, weka mbele, lenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke lenyewe. Kama mnatumia tairi zisizo na tyubu fungueni muangalie yale maji ya kuziba pancha, yanakauka baada ya miezi michache na watu wengi wanaingia vuli wakiwa na utando mkavu tu ndani ya tairi. Upepo: mtu wa kilo 70 mpaka 80 mwenye tairi la inchi 2.4 lisilo na tyubu anaweza kuanzia psi 21 mbele na 24 nyuma (psi ni kipimo cha upepo, kiko kwenye pampu), njia ikiwa imelowa shusha psi 1 au 2. Ukisikia rimu inagonga jiwe umeshusha mno.

Breki: pedi laini za oganiki zinakwisha haraka sana kwenye tope la mchanga, kuna watu wanamaliza seti siku moja ya mvua. Pedi za chuma zinapiga kelele lakini zinadumu. Zikiwa mpya zizoeshe kwanza, shika kasi kiasi alafu punguza bila kusimama kabisa, mara 15 au 20, ndipo ziingie mlimani.

Cheni: pangusa kwanza, tia tone moja kila kiungo, subiri, pangusa tena mpaka nje ibaki karibu kavu. Mafuta yanafanya kazi ndani ya kiungo, yakibaki nje yanakusanya mchanga. NA USIPULIZE mafuta ya kopo karibu na diski za breki, tone moja tu likigusa diski pedi zimekufa.

5. Gaweni vani sehemu mbili

Mlango wa nyuma ni wa vitu vibichi, mlango wa pembeni ni wa vikavu. Au geuza kutegemea vani yenu, ilimradi mpaka uwepo na wote wawili muujue. Nyuma pale wekeni beseni, viatu, kofia ngumu, pedi za magoti na baiskeli kama zinakaa ndani. Mwenye kuvuka mpaka na kiatu cha tope anaosha vyombo siku hiyo. Kwetu hiyo sheria imefanya kazi kuliko pazia lolote nililowahi kushona.

Safari yetu ya kwanza hatukuwa na mpaka. Tulianika majaketi mawili juu ya kitanda tukafunga madirisha yote ili joto lisitoke, tukajiona wajanja sana, saa kumi alfajiri paa likaanza kutudondoshea matone usoni. Vani ilitoka jasho kama mtu mwenye homa.

6. Baiskeli ndani au nje?

Jibu langu: usiku ndani kama zinaingia, au nje zikiwa zimefungwa kwa mnyororo mzito kwenye kitu kilichochimbiwa. Zikikaa ndani toa gurudumu la mbele, simamisha uma (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) kwenye kishikio kilichofungwa sakafuni kwa skrubu, na ukishatoa gurudumu ingiza kipande cha plastiki katikati ya pedi za breki, la sivyo mtu akigusa mkono wa breki kwa bahati mbaya pistoni zinafungana na asubuhi gurudumu haliingii. Hakuna plastiki? Kadibodi safi iliyokunjwa inatosha.

Zikikaa kwenye keria ya nyuma, hakikisha hazifichi taa wala namba ya gari, sehemu nyingi hilo ni kosa la barabarani. Simama baada ya kilomita 10 za kwanza ukaze tena mikanda, kila mara, hata kama jana ulikaza. Baiskeli za umeme toeni betri muweke ndani, baridi inapunguza umbali wake na betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Betri ya vani yenyewe kama ni ya lithiamu chuma fosfeti shida ni ileile, muipe joto kwanza ndipo muichaji.

7. Chagueni pa kulala mkiwa bado na mwanga

Usiende bondeni kabisa kando ya mto hata kama panavutia. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutulia chini, na ukungu unakaa hapohapo mpaka saa nne asubuhi. Panda kidogo ubavuni mwa kilima. Ukipanda sana pia unapoteza, kwa wastani joto linashuka nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, kwahiyo katikati ndo pazuri.

Egesha kwenye changarawe au lami, kamwe sio kwenye nyasi mbichi za mteremko. Geuza gari mapema pua iangalie mnakotokea, ili mkitaka kuondoka usiku iwe ni kuwasha na kwenda. Angalia juu pia, tawi kavu na upepo wa Oktoba sio marafiki. Na mlango mkubwa ukiuelekeza kwenye jua la asubuhi, mashariki, mtakausha vitu vingi bure kabla hamjamaliza kunywa chai.

8. Asubuhi msiwahi

Ushauri wa ajabu kwa mtu ninayemwambia mwanga ni mfupi, najua. Lakini saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza mizizi na mawe vina utelezi wa umande, pengine na barafu nyembamba kwenye madaraja ya mbao. Tumieni saa hiyo kufungua milango yote, kutoa godoro liegemee ukuta lipate hewa chini, kupangusa vioo na kukaza boliti. Ondokeni mkiwa mnasikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto zuri, dakika kumi baadaye umelowa jasho, na jasho kwenye mteremko wa upepo ndo linalokugandisha.

9. Njiani: majani, mizizi, tope

Hapa ndo pa kusoma mara mbili.

Majani yaliyolowa ni kama maganda ya ndizi yaliyotandazwa juu ya kitu usichokijua. Chini yake panaweza kuwa na udongo mzuri, shimo, jiwe au mzizi. Kwahiyo usishike breki juu ya majani. Shika kabla, kwenye udongo unaouona, achia breki, pita ukiwa umesimama wima juu ya pedeli, magoti na viwiko vimelegea, usukani haugeuzwi. Kona iliyojaa majani iingie polepole kuliko moyo unavyotaka, ulaze mwili kidogo tu.

Mzizi ukiwa umelowa na umekatiza njia kimshazari huo ndo unaoangusha watu. Jaribu kuukata kwa pembe ya mraba, tairi liukute uso kwa uso. Ikishindikana inua kidogo gurudumu la mbele na usiguse breki mpaka la nyuma limevuka. Ukiteleza usikakamae, baiskeli mara nyingi inajinyoosha yenyewe ukiiacha.

Dimbwi la katikati ya njia pita katikati. Najua utachafuka, tayari umechafuka. Kila anayelizunguka anaipanua njia na mwakani hapo pana ziwa. Na kama udongo unanata mpaka magurudumu hayazunguki, hiyo njia leo imefungwa hata kama hakuna kibao, shukeni mkatafute njia ya mawe au changarawe, mifereji mnayoichimba inabaki mpaka majira ya kuchipua majani.

Mkipumzika vaeni jaketi KWANZA, ndipo mtoe maji na chakula. Watu wanafanya kinyume, wanakaa dakika tano wanatafuna, alafu wanashangaa vidole havifungi zipu.

10. Dakika ishirini za kwanza baada ya kurudi

Utaratibu huu usiubadilishe hata mkiwa hoi, kwa sababu mkikaa tu hakuna atakayesimama tena. Mmoja anabaki nje na baiskeli, mwingine anajibadilisha na kuwasha jiko mlango ukiwa wazi, alafu mnapokezana.

Wa nje: sugua tope kwa brashi na maji kidogo ya chupa, usitumie mashine ya presha kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwenye mhimili wa pedeli wala kwenye shoki, maji yanasukuma mchanga mpaka kwenye beringi. Pangusa cheni, tia mafuta sasa hivi, ukisubiri asubuhi imeshaanza kutu. Tazama unene wa pedi.

Wa ndani: nguo mbichi zote, soksi hadi kofia, ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji zikakae upande wa vibichi. Sio kwenye siti, sio "kwa dakika mbili tu". Soksi zikamue ndani ya taulo, zikunje humo uzikanyage, zinatoka nusu kavu. Viatu toa soli za ndani, sindilia magazeti, badilisha kabla ya kulala.

11. Usiku: joto bila kufunga kila kitu

Watu wawili waliolala wanatoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi na ngozi usiku mmoja. Gesi ya kupikia nayo, kilo 1 ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Hayo maji yote yanatafuta bati la baridi yagandamane. Kwahiyo acha matundu mawili wazi usiku kucha, moja juu moja chini, hata upana wa vidole viwili. Pikeni na mfuniko, mlango ukiwa wazi.

Jiko la gesi SIO hita. Msilale likiwaka, msiliwashe vani ikiwa imefungwa, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa linaonekana limezimika, maana makaa yanayofifia bado yanatoa kaboni monoksidi. Mkiweza kununua hita ya dizeli inayovuta hewa nje na kutoa moshi nje, hiyo inakausha vani kwelikweli. Msipoweza, chupa ya maji ya moto miguuni kila mtu na blanketi la sufu chini yenu, chini nasema, maana baridi kubwa inatoka sakafuni. Na kuleni kitu chenye mafuta kabla ya kulala, mwili ndo hita ya kwanza.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Jiko la gesi linawaka kidogokidogo kisha linazima. Mtungi una butani, ambayo ikikaribia nyuzi 0 inakataa kugeuka mvuke. Propani inafanya kazi mpaka kwenye baridi kali, chini ya nyuzi -40, kwahiyo vuli nunueni propani au mchanganyiko wa msimu wa baridi. Kwa usiku huo mtungi mdogo uwekeni ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu, kamwe sio kwenye moto.

Breki zinapiga kelele na hazishiki. Kama ni maji tu, shika breki kidogokidogo ukiwa unateremka taratibu mpaka zikauke. Kelele ikibaki na nguvu haipo, mafuta yamegusa. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa kipya, badilisha pedi. Kuzichoma pedi kwenye moto wa jiko nimejaribu, zilipona siku moja.

Gia zinaruka baada ya kuanguka. Tazama kwa nyuma, kama derela imeinamia spoku hanga imepinda. USIENDELEE na gia kubwa ya ndani, derela ikiingia kwenye spoku unanunua gurudumu. Badilisha hanga, ndo maana nilikuambia uibebe.

Paa linadondosha maji asubuhi. Matundu hayatoshi au kuna kitu kibichi ndani. Pangusa bati lote kwa taulo, kamua nje, endesha gari nusu saa hita ikipuliza na dirisha likiwa wazi kidogo.

Vani imekwama kwenye nyasi. Acha kukanyaga mafuta, kila mzunguko unachimba kaburi. Punguza upepo kwenye magurudumu yanayosukuma, tandika chini yake mikeka ya sakafuni au matawi, toa mzigo mzito, ondoka kwa gia ya pili taratibu. Mwenzio asisimame nyuma wala mbele ya gari, mikeka inaruka. Mkitoka rudisheni upepo kabla ya barabara kuu.

Mmeachana njiani na simu hazina mtandao. Makubaliano yawe tangu asubuhi: aliyetangulia anarudi mpaka njia panda ya mwisho mlipoonana, aliye nyuma anakaa alipo. Filimbi: milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada milimani Ulaya, na jibu lake ni milio 3. Namba 112 inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya na Uingereza, Marekani na Kanada ni 911.

Mmoja ameamka hataki kuendesha. Basi asiendeshe. Anayekwenda aandike kwenye karatasi njia gani na saa ya kurudi, iachwe kwenye dashibodi, achague njia nyepesi kuliko kawaida yake kwa kuwa yuko peke yake. Anayebaki abaki na ufunguo wa vani na simu yenye chaji, na asipangiwe kazi ya kuosha cheni.